Maksai wa Ufipa Hawana Mfadhili

Mwezi wa saba Sumbawanga ni mwezi wa baridi, upepo na mahindi. Mji uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na upepo unaoteremka kutoka milima ya Mbizi haumhurumii mgeni aliyekuja na shati jepesi. Wenyeji wamevaa makoti mazito, akina mama wamejitanda vitenge viwili viwili, na kila barabara inayoingia mjini kutoka vijijini inaleta mahindi. Yanakuja kwa malori, kwa matrekta, kwa bodaboda zilizofungwa gunia moja nyuma. Lakini ukisimama asubuhi kwenye njia ya Ntendo, au ile itokayo Milanzi, utaona kwamba mzigo mwingi, kabla haujapakiwa kwenye lori, umeanza safari yake shingoni mwa ng'ombe.

Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayoilisha Tanzania. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, una maghala hapa Sumbawanga, na mahindi ya Ufipa, nyanda hizi za juu, huliwa Dar es Salaam na hupelekwa kwenye mikoa ambayo mvua imeinyima. Tukiisifu Rukwa tunamtaja mkulima, tunataja mbolea ya ruzuku, tunataja barabara ya lami iliyokuja kutoka Tunduma kupitia Laela. Maksai hatumtaji. Ndiye anayelima, ndiye anayebeba, na nguvu zikimwishia ndiye anayechinjwa. Nilikwenda Ufipa kumtazama yeye, na kuuliza ni nani anayemsaidia anapoumia.

Mkokoteni wa kwanza niliousogelea ulikuwa umeegeshwa kando ya mashine ya kusaga: ekseli ya gari bovu, matairi mawili yaliyolika, jukwaa la mbao na magunia manane juu yake. Mwenyewe alikuwa mzee aliyevaa kofia ya sufu iliyofunika masikio.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Karibu."

Nilimwomba niwaangalie ng'ombe wake. "Waangalie tu, hawana teke," akasema.

Walikuwa wawili, wafupi, wenye nundu. Mwekundu mwenye baka jeupe tumboni anaitwa Wembe, mweusi anaitwa Shujaa. Nira yao ilikuwa gogo lililokatwa porini na kuchongwa kwa shoka upande wa juu peke yake. Upande wa chini, ule unaokaa shingoni, ulikuwa umeachwa na fundo la tawi, na fundo hilo lilikuwa limeangukia mbele kabisa ya nundu ya Wembe. Pale manyoya yalikuwa yameisha, ngozi imekuwa nene na ya kijivu, na katikati palikuwa na kidonda kibichi cha ukubwa wa kiganja cha mtoto, kimepakwa kitu cheusi kinachong'aa.

"Oili chafu ya gari," mzee alinieleza. "Inazuia nzi."

Nilimuuliza kama amewahi kumwonyesha afisa mifugo. "Afisa mifugo ni mmoja, kata yote anaizunguka yeye. Akifika huku amekuja kwa mambo ya chanjo. Kwa kidonda cha nira utamwitaje?" Kisha akaweka mkono shingoni mwa Wembe, chini ya sikio, na ng'ombe akainamisha kichwa. "Huyu amenisomeshea watoto. Nitamtesaje?"

Ninamwamini mzee yule. Popote nilipopita Ufipa sikumwona mtu anayefurahia maumivu ya mnyama wake. Niliona maumivu yanayotokana na gogo lisilopigwa randa, gunia lililozidi uzito, mkokoteni usio na breki na dawa isiyojulikana inauzwa wapi. Mambo haya yote yana tiba, na tiba yake ni ya bei ndogo kuliko tunavyofikiri tunaposikia habari za misaada ya wanyama.

Nira peke yake inastahili maelezo. Ng'ombe wa nundu anavuta kwa sehemu ndogo sana ya mwili wake. Mzigo wote wa plau au wa mkokoteni unapita pale mbele ya nundu. Nira ikiwa laini, pana, na imechongwa kufuata mviringo wa shingo, uzito husambaa. Ikiwa nyembamba au ina kona, uzito hukusanyika mahali pamoja, na nyama huumia chini ya ngozi kabla mwenyewe hajaona damu. Hata urefu una maana. Mahindi yakipandwa kwa mistari ya sentimita 75, nira ya kupalilia inapaswa kuwaweka maksai umbali wa sentimita 150, ili kila mmoja apite kwenye nafasi yake na palizi ipite katikati yao. Nira ya kulimia ni fupi kuliko hiyo. Mkulima mwenye nira moja huitumia kwa kazi zote, na ng'ombe hushinda wakitembea upande upande, shingo zimepinda, huku mtu wa nyuma akidhani wana ukaidi.

Karibu na soko nilimkuta fundi seremala akipiga randa mbao za mlango. Nilimuuliza kama hutengeneza nira. Alisema anaweza, ila hakuna anayeagiza, kila mtu anakata ya kwake porini. "Wakiniletea hata hizo hizo za porini, nazilainisha," akasema, akapitisha kiganja juu ya ubao aliokuwa akiufanyia kazi. Ilikuwa kazi ya dakika chache. Kati ya karakana ile na kidonda cha Wembe hapakuwa na umbali wa kuchosha mtu, na bado hakuna aliyewahi kuviunganisha.

Kisha lipo gunia. Tunapoipiga vita lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo, tunasema inamwibia mkulima, na ni kweli kabisa, lakini mnyama hatumweki katika hesabu ya walioibiwa. Magunia kumi ya kilo 100 ni tani moja. Yakishonewa kilemba, tani inapita kabla mwenye mkokoteni hajapanda juu yake. Barabara ikiwa tambarare na matairi yana upepo, tani inakwenda. Kwenye kilima hesabu inageuka. Wataalamu wa wanyamakazi hukadiria kwamba ng'ombe anaweza kuvuta kwa mfululizo nguvu inayolingana na sehemu ya kumi hivi ya uzito wake. Jozi ya maksai wa kilo 300 kila mmoja ina kilo 60 za kutoa bila kujiumiza. Na kwenye kilima kinachopanda mita moja katika kila mita kumi, tani moja huvuta kurudi nyuma kwa uzito wa kilo 100. Ndiyo maana sauti ya fimbo inazidi vilimani. Mtu anadai kwa fimbo nguvu ambayo mwili wa mnyama hauna.

Kuteremka ni kubaya zaidi. Njia ya kutoka Ntendo kwenda Muze inavuka milima ya Mbizi na kushuka ukingo wa Bonde la Ufa, ule unaoitwa Lyamba lya Mfipa, hadi bonde la Ziwa Rukwa lililo chini kwa mita elfu moja na zaidi. Ukiwa juu unaliona ziwa likimeremeta kwa mbali, na kandokando yake vumbi la mifugo, maana bonde limepokea wafugaji wengi wa Kisukuma na makundi yao makubwa. Tulipokuwa tunashuka tulisimama kwenye kona kupisha mkokoteni wa kuni. Kijana mmoja alikuwa mbele ameshika kamba, mwingine nyuma amening'inia kwenye mbao ili kuupunguza kasi, na gogo lilikuwa limefungwa kwa mnyororo liburuzwe kama nanga. Uzito wote ulikuwa umewaelemea maksai kwa nyuma. Nira ilikuwa imepanda hadi kwenye mashina ya pembe, kwato za nyuma zinateleza kwenye changarawe, macho yametoka. Walipofika pahali pa kupumzika yule wa kulia alikuwa anatetemeka mapaja. Sikuona mkokoteni hata mmoja wenye breki katika safari yote, na breki ya mkokoteni ni mti wa mkono uliofungwa kipande cha tairi, unaosukumwa kugandamiza gurudumu.

Katika milima ile ile tuliyoivuka wamo mbega wekundu, ambao jamii yao ya Ufipa ndiyo ya kusini kuliko zote za aina hiyo. Watafiti wa shirika la uhifadhi la WCS waliwahesabu na kuchapisha matokeo mwaka 2007, na msitu wa Mbizi ni hifadhi. Ninafurahi kwamba wamehesabiwa. Nilichojiuliza njia nzima ni kwa nini mnyama wa msituni ana mtu wa kumhesabu, na mnyama anayepita barabarani chini ya mti wake hana mtu wa kumtazama shingo.

Msimu mgumu kwa maksai, hata hivyo, si huu wa mavuno. Wakulima wote niliozungumza nao walisema jambo moja: ni Novemba. Mvua za kwanza zinaponyesha kila mmoja anataka kulima kwa wakati, na ardhi iliyokauka tangu Mei inahitaji nguvu kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Na huo ndio wakati maksai wamekonda kupita kiasi. Nyasi zimekauka tangu Julai, nyingine zimechomwa moto Agosti na Septemba, mito midogo imekatika. Mnyama anatolewa kwenye njaa ya miezi mitatu na kufungwa plau. "Wanalima mbavu nje," mzee mmoja wa Laela aliniambia, "na akilala kwenye mfereji tunamwinua kwa mkia." Kumwinua kwa mkia maana yake ni kuukunja mkia hadi maumivu yamsimamishe. Nimeona mikia iliyovunjika hivyo. Huwa na kona pale ambapo mfupa ulijiunga vibaya.

Tiba ya Novemba iko mikononi mwa watu mwezi Julai. Mama mmoja, katika kijiji cha njia ya Kaengesa, alinionyesha dari la miti alilojenga nyuma ya nyumba yake, urefu wa mtu, limejaa mabua ya mahindi na maganda ya maharage. Mabua ya jirani yake yalikuwa yamelala shambani yakisubiri moto. Yeye huwapa maksai wake jioni kuanzia Septemba, kidogo kidogo, na huyanyunyizia maji ya chumvi ili wayapende. Nilimuuliza nani alimfundisha. Alisema ni mafunzo ya zamani, kulikuwa na mradi, ulikuja ukaondoka. Majirani wanaona ng'ombe wake wananenepa na wanasema ana bahati.

Afisa mifugo nilimpata siku ya josho. Ni mwanamke kijana mwenye pikipiki iliyofungwa sanduku la chanjo nyuma, na petroli, kama alivyonieleza, mara nyingi inatoka mfukoni mwake. Josho lenyewe lilikuwa na ufa chini na halikuwa na dawa, kwa hiyo wafugaji walikuwa wamekuja na pampu za mgongoni, kila mmoja na dawa ya kiwango chake. Adui wao mkubwa ni kupe anayeleta ndigana kali, ugonjwa unaomaliza ndama. Dawa ikizimuliwa kupita kiasi kupe hawafi, wanazoea. Nilimuuliza kuhusu vidonda vya nira. "Osha kwa maji yaliyochemshwa yenye chumvi, paka ayodini, mpumzishe hadi kidonda kifunge. Oili chafu inachoma," alisema. "Shida ni hilo la kumpumzisha. Mwenye jozi moja akimpumzisha mmoja amewapumzisha wote wawili, na shamba linasubiri."

Nikamuuliza kama kuna shirika lolote la kutetea wanyama linalofika katika kata yake. Akatikisa kichwa. Niliuliza swali hilo hilo sokoni, nikauliza kwa madereva na kwa walimu, na hakuna aliyeweza kunielekeza kwenye mlango wowote.

Si kwamba milango haipo Afrika Mashariki. Nairobi kuna chama cha kuwalinda na kuwatunza wanyama, KSPCA, ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1910. Kuna Sheldrick Wildlife Trust, iliyoanzishwa mwaka 1977, inayolea watoto wa tembo waliofiwa na mama zao, na watu wa dunia nzima hulipa kila mwaka ili kumlea mtoto mmoja wa tembo kwa jina lake. Sokwe waliookolewa wana Sweetwaters huko Laikipia tangu 1993 na kisiwa cha Ngamba nchini Uganda tangu 1998. Lamu kuna hospitali ya punda iliyofunguliwa mwaka 1987 na shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza, na mwenye punda anayeumwa hutibiwa mnyama wake bila malipo. Hapa kwetu Tanzania wapo TSPCA na TAWESO Dar es Salaam, wapo ASPA Arusha, wapo INADES Dodoma ambao wamefanya kazi kubwa juu ya punda. Mashirika haya ya nyumbani yanafanya kazi kwa mikono michache na fedha za kuungaunga. Ramani yao inafuata barabara za watalii na miji mikubwa, na siyalaumu, kwani fedha nyingi za wanyama zinatoka kwa watu wa mbali, na mtu wa mbali humpenda mnyama aliyemwona kwenye picha. Maksai wa Ufipa hajapigwa picha.

Punda angalau amepata sauti siku hizi. Biashara ya ngozi zake kwenda China, zinakochemshwa kutengenezea dawa iitwayo ejiao, ilimfanya awindwe hadi zizini. Tanzania ilisimamisha machinjio yake, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa walipiga marufuku biashara hiyo barani kote. Ushindi huo haukuja wenyewe. Ulitokana na mashirika kukusanya ushahidi kijiji kwa kijiji, kumhoji mama aliyeibiwa punda na kuonyesha kwamba kumpoteza mnyama ni kumpoteza mchukuzi wa maji na wa kuni. Ushahidi wa aina hiyo juu ya maksai hakuna aliyekuja kuukusanya Rukwa.

Wanaosema kwamba kusaidia wanyama ni kujenga kituo cha uokoaji, chenye uzio na kibao, wangepaswa kuisoma habari ya Dorothy Brooke. Mwingereza huyu alifika Cairo mwaka 1930 na kuwakuta farasi waliotumiwa na jeshi la nchi yake katika Vita Kuu ya Kwanza, wazee, vipofu, wakivuta mikokoteni ya mawe. Mwaka 1931 aliandika barua katika gazeti la Morning Post la London, wasomaji wakatuma fedha, na katika miaka michache akanunua farasi wapatao 5,000. Wengi walikuwa wamechakaa kiasi kwamba huruma pekee iliyobaki ilikuwa kuwapa kifo cha amani. Angeweza kuishia hapo. Lakini aliona kwamba aliyeuza farasi mzee atanunua mwingine kesho na kumtumia vilevile, kwa sababu ni maskini na hana dawa. Mwaka 1934 akafungua hospitali ya bure kwa wanyamakazi wa maskini. Shirika lililotokana na hospitali hiyo leo linaitwa Brooke. Hatua ile, ya kutoka kumnunua mnyama hadi kumsaidia mwenye mnyama, ndiyo ambayo Ufipa inaihitaji.

Vita ile ile ilifika hapa. Juni 1916 majeshi ya Waingereza kutoka Rhodesia ya Kaskazini yaliiteka Bismarckburg, ambayo ni Kasanga ya leo, na tarehe 25 Novemba 1918 Wajerumani waliweka silaha chini Abercorn, Mbala ya sasa, ng'ambo tu ya mpaka. Farasi, baghala na ng'ombe walioingizwa katika vita vya Afrika Mashariki walikufa kwa maelfu kwa nagana inayoenezwa na mbung'o, na mizigo ikahamia vichwani mwa wapagazi, nao wakafa kwa maelfu. Mnyama na mtu maskini wa nchi hizi wamekuwa wakibeba mzigo mmoja kwa muda mrefu. Ni jambo la haki tiba yao nayo iende pamoja.

Mbwa nao nisiwapite kimya, ingawa niliowaona walikuwa wengi kuliko ninavyoweza kuwaeleza hapa. Usiku Sumbawanga ni yao. Mbwa wa Ufipa ni mlinzi wa mahindi na mwenzi wa mchungaji, na hofu iliyopo juu yake ni kichaa. Hofu hiyo ni ya haki: ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote Afrika na Asia, na sehemu kubwa ya wanaoumwa ni watoto. Lakini jibu tulilolizoea, la kuwapiga risasi au kuwawekea sumu mbwa wazururao, halijawahi kuumaliza ugonjwa popote. Mbwa wakichanjwa asilimia 70 katika eneo, maambukizi hukatika. Tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, ukiona watoto wanawavuta mbwa wao kwa kamba kwenda shule ya msingi kuchanjwa, jua kwamba pale panafanyika kazi ya kuwaokoa wanyama na kuwaokoa watoto kwa sindano moja.

Nimesikia hoja kwamba kuhurumia wanyama ni mambo ya Wazungu yaliyoletwa. Mwaka 1974 mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyeishi na Wafipa akiwachunguza, alichapisha kitabu, *Man and Beast*, ambamo aliwaweka pamoja Wanuer na ng'ombe wao, Walele wa Kongo na kakakuona, na Wafipa na chatu. Chatu katika Ufipa ya zamani alikuwa mnyama wa heshima, anayehusishwa na mizimu ya nchi, wala hakuna aliyemgusa ovyo. Watu waliojua kumheshimu nyoka hawana haja ya kufundishwa huruma. Wanahitaji ayodini.

Sheria nayo tunayo yetu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama Namba 19 ya mwaka 2008 inakataza kumpiga mnyama kikatili, kumpakia kupita uwezo wake na kumfanyisha kazi akiwa mgonjwa. Afisa mifugo yule wa josho anaijua. Lakini alinieleza kwa uwazi kwamba hawezi kumpeleka mahakamani mzee mwenye kidonda kimoja cha ng'ombe wakati hana hata chupa moja ya dawa ya kumpa. Nadhani yuko sahihi. Sheria ya namna hii ifuate dawa, isiitangulie.

Kwa hiyo neno langu la kwanza ni kwa halmashauri za Sumbawanga, Kalambo na Nkasi. Magunia ya mahindi yanayotoka kwa biashara hulipiwa ushuru wa mazao, na mengi kati ya hayo yamevutwa na ng'ombe. Sehemu ya ushuru huo irudi kwa aliyevuta: josho lizibwe ufa na liwe na dawa, afisa mifugo awekewe petroli, na maseremala wa vijijini wapewe vipimo vya nira na kulipwa kuchonga za mfano, moja kwa kila kijiji. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na bajeti huandikwa miezi kadhaa kabla. Diwani wako asiposikia jambo hili kwenye mkutano wa kijiji, hataliandika.

La pili ni kwa mashirika na kwa wanaoyachangia. ASPA, TSPCA, TAWESO na wenzao wanajua kazi hii na wanaifanya kwa lugha yetu. Ukiwachangia, waombe kwa maandishi sehemu ya mchango wako iende kusini magharibi, ikafanye kazi ya kutibu na kufundisha, hata kabla hakijafikiriwa kituo chochote. Kabla hujatuma fedha kwa kituo chochote kinachojiita cha uokoaji, uliza kimesajiliwa wapi, daktari wake wa mifugo ni nani, na wanyama waliopona huenda wapi. Kituo cha kweli kitakujibu siku hiyo hiyo.

Na kwa Mfipa aliye Dar es Salaam, Mbeya au ng'ambo, ambaye karo yake ililipwa kwa mahindi: kabla ya mvua za Novemba, unapotuma fedha nyumbani, ongeza ya chupa ya ayodini, kilo mbili za chumvi na ujira wa fundi wa kulainisha nira ya baba. Kisha piga simu uulize kama vimenunuliwa.